Utamaduni Usiwekwe Rehani: Juu ya Ugomvi wa Ada za Televisheni

Utamaduni wa taifa haukai hewani peke yake. Wahitaji chombo cha kuuchukua kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, na kutoka kizazi hadi kizazi. Zamani chombo hicho kilikuwa ulimi wa babu, ngoma ya uwanjani, na mghani aliyepiga enanga huku watu wamemzunguka. Baadaye kikaja kitabu, kisha ikaja redio. Leo, katika nyumba nyingi za mijini na vijijini, chombo hicho ni televisheni. Kwa sababu hiyo, swali la nani ashike ufunguo wa chombo hiki si swali la wafanyabiashara peke yao. Ni swali letu sote, na yafaa walimu na wanafunzi walitazame kwa makini.

Kwanza tueleze mambo yalivyo. Katika siku za mitambo ya analojia, kila kituo kilikuwa na mnara wake, na mwenye antena juu ya bati alinasa kila kilichomfikia bila kumwomba mtu ruhusa. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuizima mitambo hiyo mjini Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata. Tangu hapo matangazo ya vituo vingi hufungwa pamoja na kusafirishwa na wasambazaji wachache, na mtazamaji hawezi kuyapata bila king'amuzi. Mageuzi hayo yalileta picha safi na chaneli nyingi, wala hatuyalaumu. Lakini yalimleta pia mtu wa tatu, akasimama katikati ya kituo na mtazamaji. Mtu huyo ndiye msambazaji.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Mwenye kituo asema: matangazo ni jasho langu, nilipe ndipo uyabebe. Msambazaji ajibu: mimi ndiye ninayekufikisha kwa watu, na matangazo yako ya biashara yapata bei kwa sababu yangu, basi wewe ndiwe unilipe. Wasipoelewana, chaneli huondolewa. Mtazamaji aliyekwisha lipa ada yake ya mwezi huwasha televisheni na kukuta kioo cheusi chenye maneno mawili matatu ya kumtaka radhi. Hakuwamo katika mkataba, wala hakuulizwa, lakini adhabu ni yake. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

Hayo si mambo ya kubuni. Nchini Kenya, makampuni matatu makubwa ya habari yalishindana kwa muda mrefu na serikali na wasambazaji juu ya nani apewe leseni ya kusafirisha matangazo ya dijitali, na juu ya chaneli zao kubebwa katika ving'amuzi vya wengine bila idhini yao. Shauri lilifika hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu tarehe 29 Septemba 2014, na bado ugomvi haukwisha. Tarehe 14 Februari 2015 mitambo ya analojia ilizimwa, na kwa kuwa wenye vituo hawakukubali kubebwa na wasambazaji waliokuwapo, chaneli za NTV, KTN, Citizen na QTV zikatoweka. Zilirudi mwanzoni mwa mwezi wa Machi, baada ya kama siku 19. Katika siku hizo zote mwananchi wa Kenya alinyimwa sehemu kubwa ya habari za nchi yake, si kwa vita wala kwa gharika, bali kwa sababu wakubwa hawakupatana.

Huku kwetu mambo yalikuja kwa sura nyingine. Mwezi wa Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliyataka makampuni ya televisheni za kulipia yanayotumia setilaiti yaache kuonyesha chaneli za nyumbani ambazo kwa mujibu wa leseni zake ni za kutazamwa bure. Hoja ya Mamlaka ilikuwa na uzito: leseni za makampuni hayo hazikuruhusu jambo hilo, na haifai mwananchi auziwe kitu ambacho sheria imempa bure, kisha anyimwe pindi ada yake inapokwisha. Twaikubali hoja hiyo. Lakini tutazame matokeo yake. Mtu aliyenunua dishi kwa sababu mnara haumfikii alizikosa chaneli za nchi yake, huku filamu za ng'ambo na mpira wa Uingereza zikiendelea kama kawaida. Kilichokuwa chetu kiliondoka. Kilichokuwa cha wengine kilibaki. Haki ilitetewa kwa maandishi, na mwenye haki akalala gizani.

Wala tusidhani kwamba haya ni maradhi ya nchi changa. Marekani ilitunga sheria mwaka 1992 iliyowapa wenye vituo haki ya kudai idhini, na kwa njia hiyo malipo, kabla matangazo yao hayajabebwa. Tangu hapo magomvi hayana kikomo. Mwaka 2013 chaneli ya CBS iliondolewa katika nyumba za wateja wa Time Warner Cable kwa mwezi mzima, katika miji mikubwa kama New York na Los Angeles. Mwaka 2023 chaneli za Disney ziliondolewa kwa wateja wa Charter kuanzia tarehe 31 Agosti hadi 11 Septemba, na mwaka 2025 zikaondolewa tena kwa wateja wa YouTube TV kuanzia tarehe 30 Oktoba hadi 14 Novemba. Msomaji atazame majira: ni msimu wa michezo ambayo watu wa huko huipenda kupita yote. Mwenye kuziba njia ili alipwe haizibi siku ambayo hakuna mpitaji. Huiziba siku ya gulio.

Hii ndiyo siri ya jambo lote. Kuondolewa kwa chaneli si ajali ya biashara. Ni silaha yake. Kila upande wategemea kwamba hasira ya watazamaji itamlazimisha mwenzake ainue mikono. Kwa maneno mengine, mtazamaji amewekwa rehani katika deni lisilo lake.

Tukitaka kupima uzito wa jambo hili, tusikae Dar es Salaam. Twende Mkoa wa Kagera, tangu Kimwani kusini mwa Muleba hadi Bukoba na hadi mpaka wa Mutukula. Watu wa huko hawahitaji kufundishwa thamani ya njia. Mwezi wa Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la Kyaka, na nchi iliyo ng'ambo ya mto Kagera ikatengwa na taifa lake. Hatusemi kwamba mfanyabiashara ni adui mvamizi, hapana. Twasema kwamba njia ikikatika, aliye ng'ambo hutengwa, awe aliyeikata ni askari mwenye baruti au ni karani mwenye mkataba.

Kutoka Bukoba, Kampala iko karibu kuliko Dar es Salaam. Jirani zetu wa Uganda na Rwanda ni ndugu zetu, na sauti zao si sumu. Lakini mtoto wa Muleba anayesikia habari za miji mikuu mingine kila siku, na ya kwake kwa kubahatisha, atajifunza polepole kwamba taifa lake ni jambo la mbali. Mvuvi wa kisiwa cha Goziba au cha Bumbire anayekaa na wenzake katika kibanda cha picha jioni ana haki ya kuliona Bunge lake, mchezo wa timu yake ya taifa na ngoma ya mkoa wake, sawa na mkazi wa Kariakoo. Umoja wa taifa hujengwa na watu wanaoyajua mambo yaleyale kwa wakati uleule.

Tena si suala la burudani peke yake. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ya Bukoba ilitetemeka, watu wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, na watu 6 walipoteza maisha kabla haujamalizika. Mwezi wa Januari 2025 ugonjwa huo ulitangazwa tena, safari hii Biharamulo. Katika siku kama hizo uvumi hukimbia kuliko gari la mganga, na dawa ya uvumi ni habari ya kweli, kwa lugha inayoeleweka, kutoka kwa mtu anayejulikana. Tujiulize: ugomvi wa ada ungaliangukia siku hizo, nani angalijibu kwa ajili ya mama aliyewasha televisheni akakuta kiza?

Sasa tusikilize hoja za wanaotupinga, maana si vizuri kumshinda mtu asiyekuwapo.

Wa kwanza atasema kwamba kazi ya sanaa na habari ina gharama, na asiyelipwa atafunga kituo. Ni kweli. Mwandishi wa habari, mwigizaji na mpiga picha wote hula, na anayetaka wafanye kazi bure anataka unyonyaji. Lakini haki ya kulipwa haikubebi pamoja na haki ya kumwadhibu asiyehusika. Mwalimu akicheleweshewa mshahara anayo madai ya haki. Hata hivyo, hatuwatoi wanafunzi nje na kuifunga shule mpaka hesabu ipatikane. Twatafuta mwamuzi, na darasa laendelea.

Wa pili atasema kwamba soko ni huru, na asiyeridhika anunue king'amuzi kingine. Hoja hii hutolewa na mtu mwenye mfuko mzito. Mkulima anayengoja bei ya kahawa hana fedha za kununua kisanduku kipya kila wakubwa wanapokosana. Na hata angenunua, leo yaondolewa chaneli hii kwa huyu, kesho ile kwa yule. Nyumba yenye ving'amuzi vitatu ili ipate sauti ya nchi moja si dalili ya uhuru. Ni dalili ya mipango mibaya.

Wa tatu atasema kwamba siku hizi kuna intaneti, na mwenye simu haihitaji televisheni. Naye asahau kwamba simu hula bando, na bando ni ada nyingine kwa msambazaji mwingine. Tukikimbia lango moja la ushuru na kuingia katika jingine, hatujafika nyumbani.

Basi tunataka nini? Madai yetu ni machache, na yote yawezekana. Kwanza, chaneli za nyumbani zilizotengwa kwa ajili ya umma zipatikane katika kila king'amuzi kinachouzwa nchini, ziendelee kuonekana hata ada ya mwezi inapokwisha, na asiwepo wa kuziuza. Pili, wenye kituo na wasambazaji wakikosana juu ya malipo, shauri liende kwa mwamuzi na picha ibaki mahali pake mpaka uamuzi utoke. Mwenye kudai atalipwa malimbikizo yake, bali mtazamaji hawezi kurudishiwa taarifa iliyompita. Tatu, chaneli ya kulipia ikiondolewa, mtazamaji aarifiwe mapema kwa Kiswahili fasaha, na sehemu ya ada yake irudishwe bila kuiomba. Aliyepunguza bidhaa apunguze na bei. Hata muuza ndizi wa sokoni ajua hesabu hiyo.

Lakini tusiitupie serikali na makampuni mzigo wote. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Taifa lililoweka nyimbo zake zote, michezo yake yote na habari zake zote ndani ya kisanduku kimoja limejiandalia msiba. Tenzi za enanga za Wahaya hazikungoja televisheni ndipo ziishi. Ziliishi kwa sababu waghani walifundishana, na baadaye kwa sababu wasomi kama Profesa M. M. Mulokozi walizikusanya na kuzichunguza. Mwaka 2001 nyimbo za Saida Karoli, zilizoimbwa kwa Kihaya, zilipendwa hata na watu wasiojua neno moja la lugha hiyo. Hazina kama hiyo yataka kuwekwa katika vyombo vingi: katika maktaba ya shule, katika tamasha la kata, katika redio ya wilaya, katika daftari la mwanafunzi aliyetumwa kwa bibi yake kuandika hadithi.

Kwa hiyo twawaomba walimu walifanye jambo hili kuwa somo. Wanafunzi wa sekondari na waulizane: ni nani mwenye masafa ya nchi? Ada tunayolipa yaenda wapi? Ni chaneli gani zilizowekwa na sheria ziwe za wote? Kijana anayejua majibu hayatazami maneno ya radhi kwenye kioo cheusi kama mapenzi ya Mungu. Atajua kuwa ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu hubadilishwa na watu.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipoiunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliueleza utamaduni kuwa ndio roho ya taifa. Mwenye kituo na alipwe haki yake. Msambazaji na apate faida yake ya halali. Lakini roho haiwekwi rehani, na wadai wawili wakigombana, isiwe ndiyo ya kwanza kushikwa.