Kabla Greda Halijafika Chuno

Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Katika miezi hiyo mkazi wa kata ya Chuno anajua mambo ambayo ramani haiyaonyeshi: maji hutuama wapi, kichochoro kipi hupitika na kipi hakipitiki, bajaji hugomea wapi na abiria akashuka kumalizia safari kwa miguu, ndala mkononi. Mkazi huyo aulizwe kabla barabara yake haijachorwa. Akiulizwa wakati mkandarasi ameshashusha mitambo, huko si kumshirikisha, ni kumpa taarifa.

Mji huu umezoea kupangiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walichora bandari, reli na mitaa kwa ajili ya mpango wa kilimo cha karanga wa Nachingwea. Mpango ulivunjwa 1951, na reli nayo haikudumu. Miongo kadhaa baadaye, Mradi wa Miji ya Kimkakati, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia 2010, ulileta lami na mitaro katika Manispaa ya Mtwara Mikindani. Faida yake ni kubwa. Swali lililobaki ni nani anaamua barabara ipi ifuate.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Hata hivyo, tangu 2017 barabara za halmashauri zimo mikononi mwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Hatua hiyo iliwakusanya wahandisi chini ya wakala mmoja, jambo jema. Lakini mwananchi humchagua mwenyekiti wa mtaa na diwani, ilhali fedha na michoro viko kwa meneja ambaye kura haimfikii. Pengo hilo lisipozibwa kwa utaratibu unaoeleweka, malalamiko ya mkutano wa mtaa huishia kwenye muhtasari.

Wahandisi nao wana hoja ya kusikilizwa. Maji hufuata mkondo. Mteremko haupigiwi kura. Mtaro wa mtaa wa juu ukijengwa kabla ya njia ya kutolea maji huko chini, mafuriko yamehamishwa tu. Tena mikutano hutawaliwa na wenye sauti: mwenye nyumba anataka lami ifike mlangoni kwake, na mpangaji hana habari kwamba kuna kikao. Kwa hiyo kina cha mtaro na mahali pa kumwagia maji tumwachie mhandisi. Wapi pa kuvukia, njia ipi ianze na nini kingoje, wakazi ndio waseme.

Hili limewahi kufanyika. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Dar es Salaam, walijenga mitaro na barabara zao kupitia chama chao cha maendeleo, wakisaidiwa na wataalamu. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa jiji hilo kuchora mitaro na maeneo yanayofurika. Ujuzi wa mtaani uligeuka ramani ambayo mhandisi anaweza kuifanyia kazi.

Tazama mtaro mpya usiokuwa na vivuko vya kutosha. Kila kaya hutafuta ubao wake. Bibi hushikwa mkono kuvuka, na kiti cha magurudumu hakipiti kabisa. Mkazi mmoja angeulizwa, angeonyesha vizingiti vyote kwa kidole. Njia ya waenda kwa miguu nayo, ambayo ni rahisi kuikata fedha zinapopungua, ndiyo inayotumiwa na watoto wa shule na akina mama wa genge. Wachuuzi wasipotengewa nafasi tangu kwenye mchoro, wataipanga biashara juu yake, na anayetembea atarudi barabarani kugombania njia na bodaboda.

Hakuna haja ya sheria mpya. Mhandisi apite mtaani na wakazi siku moja baada ya mvua kubwa, wapangaji na wanawake wakiwemo. Orodha ya vipaumbele, kila kimoja na gharama yake, ibandikwe ofisi ya mtaa. Ombi lililokataliwa lijibiwe kwa maandishi, sababu ikitajwa. Na kabla mkandarasi hajapokea malipo ya mwisho, kamati ya mtaa iikague kazi.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na makadirio huandaliwa miezi kadhaa kabla, wakati mvua inanyesha Mtwara. Kwa hiyo matope yapo mbele ya macho katika majuma yaleyale ambayo bajeti inaandikwa. Wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa Novemba 2024 wawatake wahandisi waje majuma hayo. Wakija kiangazi, watakuta mchanga mkavu na bajeti iliyokwisha kupitishwa.