Jua la David Roberts linazama upande gani?

Haya wadau, leo niacheni niseme. Nimechoka kuuona ule mchoro wa David Roberts wa dhoruba ya samum ikikaribia Giza (Giza mji, si giza la mgao wa umeme) kila mtu darasani anapotaka picha ya kuonyesha Misri. Jua jekundu, Sfinksi kanyamaza, vumbi linapanda, watu na ngamia wanahangaika chini. Mzuri? Mzuri sana. Ndo maana tunaumeza bila kutafuna.

Tuanze na jua lenyewe. Sfinksi wa Giza anatazama mashariki, lakini Roberts kalizamisha jua upande ambao pale Giza halizami hata siku moja. Na huyu bwana alifika kweli, 1838 hadi 1839, akachora mahekalu kwa uangalifu mkubwa. Lakini kabla ya hapo alikuwa mchora mandhari za majukwaa ya tamthilia, anajua nini kinashtua watazamaji. Pale hakuchora Misri, alichora pazia la jukwaa. Baadaye akampa rafiki yake Charles Dickens nakala ya rangi ya mafuta, na Dickens akaipenda mno.

Wenzangu wananiambia, "We naye, sanaa ni sanaa, jua si hoja." Sawa, jua tuliache. Watu je? Mwaka ule Misri ilikuwa na kiwanda cha uchapaji pale Bulaq, shule ya udaktari, na shule ya lugha iliyoanzishwa 1835 chini ya Rifa'a al-Tahtawi. Juni 1839 jeshi lake liliwapiga Waosmani kule Nezib. Na sisemi kulikuwa peponi: wakulima walikamatwa kwa nguvu kuingizwa kwenye jeshi la Muhammad Ali, wengine wakajikata vidole au kujitoboa jicho ili waachwe. Hiyo ndiyo dhoruba iliyokuwa ikiwapiga Wamisri. Kwenye mchoro haipo. Humo Misri ni magofu na mchanga, watu ni mapambo.

Sidai kwamba mchoro ndio ulioleta meli za kivita za Uingereza Alexandria 1882. Nadai hivi: ukishazoeshwa kuiona nchi kama gofu lisilo na mwenyewe, siku ikichukuliwa huoni aliyeibiwa. Edward Said aliliandika jambo hili tangu 1978, na sisi bado tunabandika picha tu.

Mbadala upo. Mahmoud Mokhtar, Mmisri, alichonga sanamu ya mwanamke akipambana na upepo wa khamsini, nguo zimemganda mwilini. Kuna na ile ya Mwamko wa Misri, iliyozinduliwa 1928, wananchi wakiwa wamechangia fedha: Sfinksi anainuka, pembeni mwanamke wa kijijini anaondoa shela usoni. Tangu 1955 iko mbele ya Chuo Kikuu cha Cairo, wanafunzi wenzetu wanaipita kila siku.

Samum ni ndugu wa neno letu sumu. Basi mkiuweka tena huo mchoro, wekeni na maelezo yake kama dawa inavyowekewa lebo, na Mokhtar awekwe kando yake. Mkishindwa, mwacheni Roberts kabatini.

Nawasilisha. Wapinzani wangu wa semina, nawasubiri.