Kupunguza Matiti kwa Upasuaji: Ni Tiba au ni Kubadili Maumbile?

  

Ndugu Waislamu, mada tunayoileta mwezi huu ni ya kuonewa haya. Pengine wako watakaouliza imekuwaje jarida la da'awa likazungumzia matiti ya mabinti. Jawabu letu ni kuwa Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Haya ni sehemu ya imani, lakini haya inayomwacha mgonjwa ateseke kimya si ile tuliyofunzwa na Mtume (s.a.w.).

Wako wasichana ambao, wanapobaleghe, matiti yao hukua kupita kiasi. Kwa baadhi yao jambo hili hutokea kwa kasi, katika muda wa miezi tu, na hata ukuaji unapopungua matiti hayarejei yalivyokuwa. Si uzembe, si ulafi, wala si matokeo ya tabia mbaya. Wataalamu wanaeleza kuwa ni tishu ya matiti yenyewe kuitikia homoni za mwili kuliko kawaida, na huweza kumpata hata msichana mwembamba.

Madhara yake si ya macho tu. Uzito ule huvuta shingo, mabega na mgongo. Mikanda ya sidiria hukata mabega na kuacha mifereji. Chini ya matiti, mahali pasipopata hewa, ngozi huchubuka, hutoa vipele na harufu, hasa wakati wa joto. Binti huinama ili ajifiche, na kuinama huko humzidishia maumivu. Kulala humpa taabu, na kukimbia hawezi.

Sasa na tumtazame binti huyo akiwa hapa kwetu. Juu ya milima ya Umatengo kilimo chetu ni cha ngolo, ambapo mwanaume hufyeka na kupanga majani, na mwanamke huinama na jembe kufukia na kuchimba mashimo kwenye mteremko. Kule chini mwambaoni, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, mwanamke ndiye anayetwanga mihogo, anayebeba ndoo kichwani kutoka ziwani, anayeanika dagaa mchangani. Kazi zote hizi ni za mgongo na mabega. Binti mwenye maradhi haya huzifanya akiwa amebeba mzigo mwingine kifuani usiotuliwa usiku wala mchana.

Juu ya mzigo huo sisi humwongezea mwingine, nao ni ulimi. Husingiziwa mimba asiyokuwa nayo. Huambiwa kuwa ameanza mambo ya kikubwa. Wengine husema amelogwa, na mzazi huishia kwa mganga kabla hajafikiria kwenda hospitali. Mwili wake umeutangulia umri wake, kwa hiyo msichana wa miaka 13 hutazamwa na wanaume kana kwamba ni mke wa mtu. Mwishowe huona ni heri aache shule, au wazazi huona ni heri aozwe upesi.

Hapa ni vyema tukakumbushana. Katika Suratul Hujurat (49:11) Allah (s.w.) amekataza watu kudharauliana, na akawataja wanawake kwa wanawake mahsusi. Na katika Suratun Nur (24:30) amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume, kabla ya amri ya wanawake katika aya inayofuata. Ni ajabu basi kwamba anapopita binti huyu tunamwambia yeye avae shungi kubwa zaidi, na wale walioketi barazani wakimkodolea macho hatuwaambii lolote.

Tukija kwenye tiba, inafahamika kuwa upasuaji wa kupunguza matiti upo, na upo hapa nchini. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, upande wa Mloganzila, ilianza kutoa huduma za upasuaji rekebishi, ukiwemo huu wa kupunguza matiti. Kwa kuwa huduma hizo zilitajwa pamoja na zile za kujirembesha, ni rahisi habari kama hiyo kusikika kama habari ya urembo tu. Hapo ndipo tunapoyasikia maneno haya: “Hiyo ni haramu, ni kubadili maumbile ya Allah.”

Tunasema kwa heshima zote kwa wenye kauli hiyo kwamba wameshika asili iliyo sahihi, lakini wameiweka mahali pasipo pake. Ni kweli kuwa katika Suratun Nisaa (4:119) tunafahamishwa kuwa miongoni mwa ahadi za shetani ni kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah. Ni kweli pia kuwa katika Hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanaochanja chale za mapambo na wanaochonga mwanya kwenye meno kwa ajili ya uzuri. Lakini wanazuoni wameyasimamia maneno hayo ya mwisho, “kwa ajili ya uzuri”. Imamu Nawawi, katika kuisherehesha Sahihi Muslim, ameeleza kuwa kilichoharamishwa ni kile kinachofanywa kwa kutafuta uzuri, ama kinachohitajika kwa tiba au kwa aibu iliyo katika jino na mfano wake, hakina ubaya.

Mfano mwingine ni wa Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.). Pua yake ilikatika vitani zama za Jahiliya, akaweka pua ya fedha, ikamtoa harufu. Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Tuzingatie kuwa mtu huyu hakuwa anakufa. Alikuwa na harufu na aibu, na sheria ikamfungulia mlango.

Na wala upasuaji wa namna hii si uzushi ulioletwa juzi kutoka Ulaya. Tabibu Mwislamu wa Andalusia, Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki takriban mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake Al-Tasrif namna ya kuwapasua wanaume waliokuwa na matiti kama ya wanawake. Miaka elfu moja imepita, na sisi bado tunaliona jambo hili kuwa geni!

Kwa zama zetu hizi, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, lilitoa azimio namba 173 kuhusu upasuaji wa kurekebisha mwili. Azimio hilo limeruhusu upasuaji unaokusudia kurekebisha kasoro ya kuzaliwa nayo au iliyozuka baadaye, na kuondoa hali inayomletea mtu madhara ya mwili au ya nafsi. Halikuruhusu ule usio tiba, ambao makusudio yake ni kubadili umbile la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga wengine. Likaweka na masharti, miongoni mwake kuwa mpasuaji awe mtaalamu mwenye sifa, mgonjwa aridhie, aelezwe hatari zake, na pasiwe na njia nyingine nyepesi ya kumtibu.

Basi mpaka uko wazi. Binti mwenye afya njema anayetaka kifua kama cha mwanamke aliyemwona kwenye simu, huyo hana hoja mbele ya sheria, na tunamnasihi amche Mola wake. Binti ambaye mabega yamechimbika, ngozi imechubuka na masomo yamemshinda, huyo ni mgonjwa. Kumwambia wa pili hukumu ya wa kwanza ni dhulma, hata ikisemwa juu ya mimbari.

Hata hivyo hatupendi kumdanganya mtu. Upasuaji huu ni mkubwa. Binti hulazwa kwa dawa ya usingizi, hupunguzwa tishu na ngozi, na mara nyingi chuchu husogezwa juu. Makovu hubaki maisha yote, ingawa hufifia. Hisia za chuchu huweza kupungua. Kwa msichana ambaye bado anakua, matiti huweza kuongezeka tena, na kwa sababu hiyo madaktari hupenda kungoja ukuaji utulie, isipokuwa mateso yakizidi. Na kabla ya yote ni lazima apimwe, kwani titi linalovimba upande mmoja au lenye uvimbe ndani huenda lina maradhi mengine.

Jambo linalowatia hofu zaidi wazazi ni kunyonyesha. Ukweli ni kuwa wengi hunyonyesha baadaye ikiwa chuchu haikutenganishwa na tezi za maziwa, lakini baadhi maziwa huwa hayatoshi. Na kwa matiti makubwa mno, ambapo chuchu hulazimika kuondolewa na kupandikizwa upya, uwezo huo kwa kawaida hupotea. Binti aambiwe hayo yote kabla hajakubali, na akisita asilazimishwe. Lakini wale wanaofanya hoja hiyo kuwa kizuizi wakumbuke kuwa aya ileile ya Suratul Baqara (2:233) inayozungumzia akina mama kunyonyesha imewaruhusu wazazi kumtafutia mtoto mnyonyeshaji mwingine. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alinyonyeshwa na Bibi Halima, na hakuna aliyeona kuwa mama yake alipungukiwa na kitu.

Linabaki suala la sitara. Baraza hilohilo la Fiqhi, katika azimio namba 81 la Brunei mwaka 1993, lilipanga utaratibu wa kufuatwa: atangulizwe daktari mwanamke Mwislamu, akikosekana mwanamke asiye Mwislamu aliye mwaminifu, akikosekana mwanaume Mwislamu, na akikosekana huyo, mwanaume asiye Mwislamu. Daktari mwanaume aangalie kile tu kinachohitajika, na awepo maharimu, mume au mwanamke mwaminifu. Kwa hiyo kukosekana kwa daktari mwanamke si sababu ya kumrudisha binti nyumbani.

Nasi tuseme kweli. Hospitali kongwe zinazotuhudumia upande huu, ya Litembo milimani, ya Liuli mwambaoni na ya Peramiho njiani kuelekea Songea, zimejengwa na makanisa. Si aibu kutibiwa huko, kwani Mtume (s.a.w.) katika safari ya Hijra alimwajiri kiongozi wa njia asiyekuwa Mwislamu kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu. Aibu iko kwetu tunaolalamika kuwa wauguzi si wa dini yetu, ilhali mabinti zetu tunawakatisha masomo. Rufaida (r.a.) alitibu majeruhi katika hema lililosimamishwa msikitini kwa Mtume (s.a.w.). Leo mwenye kutamani daktari Mwislamu amtibu bintiye, aanze kumsomesha binti wa jirani yake sayansi.

Ndugu zetu, baada ya maelezo hayo tunashauri yafuatayo:

Kwanza, mama ndiye tabibu wa mwanzo. Amuulize bintiye kwa upole, bila kumkemea, na ampeleke hospitali ya wilaya mapema. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga mjini ni kilomita 66 hivi, na kutoka hapo hadi Songea, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, ni karibu kilomita 100. Mganga wa kienyeji yuko karibu zaidi, lakini titi halipunguzwi kwa hirizi.

Pili, jamaa ya msikiti ibebe safari. Toka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na mgonjwa huhitaji nauli, chakula na mtu wa kumsindikiza. Mafakiri na masikini wametajwa mwanzo kabisa katika wanaostahiki zaka (9:60). Kamati zetu zinazochangisha saruji kila Ijumaa haziwezi kushindwa kuchangia matibabu ya binti mmoja. Na zichangie kwa siri, bila kutaja jina wala maradhi.

Tatu, akirudi apumzishwe. Kwa kawaida mgonjwa wa upasuaji huu hukatazwa kubeba vitu vizito kwa wiki 4 hadi 6. Kaka zake wachote maji, na baba ashike jembe. Tukimrudisha kwenye ngolo na mshono haujapona, tutakuwa tumeiharibu kwa mikono yetu tiba tuliyoitolea mali.

Nne, masheikh na maimamu wasikimbilie neno haramu kabla ya kumsikiliza mgonjwa na tabibu. Mtume (s.a.w.) aliwakasirikia mno wale waliomfutu mtu mwenye jeraha la kichwa kuwa hana ruhusa ya kuacha kuoga josho, naye akaoga na kufa. Alisema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba walipaswa kuuliza kwa kuwa hawakujua.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape shifaa mabinti zetu, aziongoze ndimi zetu, na atujaalie tuwe wepesi wa kuhurumia kuliko kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.