Simu Inapoita Bila Kupokelewa

Ndugu zangu, kuna swali linanisumbua. Hivi mzazi ambaye mwanawe yuko ndani ya chuo kinachomiminiwa risasi anatakiwa afanye nini?

Apige simu? Fikiri kidogo. Mtoto amejificha chini ya kitanda au kabatini. Simu ikilia, imemuuza. Asipige? Atakaaje bila kupiga? Na akiambiwa mteja hapatikani, maana yake nini: mtoto kazima simu kwa akili zake, chaji imeisha, au ndiyo basi tena?

Haya yaliwakuta wazazi wa jirani zetu Kenya, Alhamisi ya tarehe 2 Aprili 2015. Alfajiri ile Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa. Wavamizi walikuwa wanne. Waliua watu 148, wengi wao wanafunzi. Kikosi maalumu kilitoka Nairobi, zaidi ya kilomita 350, na shambulio halikwisha mpaka jioni. Wanafunzi wengi hawakuwa wenyeji wa Garissa, wazazi wao walikuwa mikoa ya mbali kabisa. Hebu zihesabu saa hizo kwa moyo wa mama.

Kuchelewa kwa kikosi kumeshaandikwa sana. Mimi nazungumzia kuchelewa kwa habari.

Manusura waliletwa Nairobi kwa mabasi, wakapokelewa Uwanja wa Nyayo. Miili ikapelekwa mochwari ya Chiromo, jiji hilohilo. Mzazi akawa na milango miwili ya kubisha. Anaanza Nyayo, anamkodolea macho kila anayeshuka kwenye basi. Asipomwona wake, anajikokota kwenda Chiromo. Huko nako kutambua miili kulichukua siku kadhaa. Katikati ya hayo, Jumamosi tarehe 4, binti mmoja akatolewa kabatini akiwa hai, siku mbili baada ya shambulio! Niambieni, mzazi gani angekubali kukata tamaa baada ya kusikia hivyo?

Tusidhani ni umaskini wetu. Tarehe 24 Mei 2022 huko Uvalde, Texas, mtu mwenye bunduki aliua watoto 19 na walimu wawili katika shule ya msingi. Polisi walikaa dakika 77 kabla ya kumkabili, huku wazazi wakizuiwa nje. Wengine walisubiri ukumbini hadi usiku, wakaishia kutoa vipimo vya DNA. Marekani hiyo, yenye kila kitu.

Najua polisi watasema: tukitoa majina haraka tutakosea, na kosa la namna hiyo ni kumlilia aliye hai. Ni kweli kabisa. Lakini mzazi haombi majina yasomwe redioni. Anaomba mambo matatu tu: namba moja ya kupiga inayopokelewa na mtu, mahali pamoja pa kwenda, na orodha ya nani analala bweni lipi, nakala yake ikiwa nje ya shule. Hata jibu la "bado hatujampata, tutakupigia saa kumi" ni jibu. Ukimya ndio unaoua mara ya pili.

Na hapa kwetu Tanzania? Sekondari zetu za bweni haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Sina ugomvi na hilo. Lakini maana yake mzazi hana hata hiyo namba ya kujaribu. Na si lazima waje magaidi. Bweni likishika moto usiku, au basi la shule likipinduka, maswali ni yaleyale.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, ambaye una mdogo wako bwenini au mwanao anaanza mwakani: siku ya kufungua shule tunauliza ada, godoro, ndoo na sare. Ongeza swali moja kwa mkuu wa shule. Likitokea la kutokea usiku wa manane, nani ananipigia, na mimi nampigia nani?

Akianza kukuna kichwa, usiondoke ofisini mpaka akujibu.