Punda wa Mtoto Asiwe Mwanapunda

Ndugu wakulima wa skimu, huko Kinangop na Ol Kalou ni jambo la kawaida kumwona kijana akipeleka maziwa kwa punda. Kazi hiyo ni njema. Lakini wako wazazi wasemao, "Nitamnunulia mwanangu mwanapunda, wakue pamoja." Mimi sikubali hata kidogo. Wawili wasiojua kazi hawawezi kufundishana, na mmoja wao ana kwato.

Mtafutie mtoto punda aliyekwisha kuzoea gari. Mfunue midomo utazame: meno ya mbele ya kudumu hutimia punda apatapo miaka 5 hivi. Mwenye miaka 10 si mzee. Akitunzwa atafanya kazi miaka mingi bado. Dume asiyehasiwa mwachie mtu mzima, kwa maana akinusa jike husahau maziwa na mtoto pia. Jike anyonyeshaye naye ni mkali kwa wageni.

Sokoni usitosheke na maneno ya muuzaji. Mwambie amfunge gari mbele yako, ampitishe karibu na lori linalonguruma. Mpapase shingo na miguu, uinue kwato zote nne. Kisha mwanao mwenyewe ashike kamba, atembee naye hatua mia. Punda akilaza masikio nyuma na kumgeuzia matako, rudi nyumbani na fedha zako, hata kama bei ni rahisi.

Ukimpata mtulivu, majuma mawili ya kwanza fuatana nao mpaka kituo cha maziwa. Fimbo iache nyumbani.