Malindi na Nairobi: Karibu kwa Nani?

Mpenzi msomaji, ukimwuliza mtu kutoka hapa Malindi hadi Nairobi ni mbali kiasi gani, atakujibu kulingana na mfuko wake. Mwenye nazo atakwambia, "Ah, hapo tu! Ndege ni kama saa moja." Mpanda basi atakwambia ni kutwa nzima. Nani mkweli? Wote wawili!

Tutazame hesabu. Angani, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita kama 420. Kwa barabara, wengi wetu hushuka kwanza Mombasa, kilomita kama 120, ndipo tushike njia ya Voi na Mtito Andei. Jumla ni karibu kilomita 600. Hata treni mpya iliyoanza mwaka 2017, sharti uifuate Miritini.

Lakini mimi naona kilomita pekee hazituambii kitu. Historia ya mji wetu ni shahidi. Vasco da Gama aling'oa nanga hapa tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na Sultani wa Malindi. Kusi ilikuwa imeanza. Tarehe 20 Mei alikuwa Calicut, Bara Hindi. Siku 26 tu! Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi itulie. Alitweka tanga mwezi wa Oktoba, akafika Malindi Januari 1499, na mabaharia wengi walikufa njiani kwa maradhi. Bahari ni ile ile; kilichobadilika ni upepo.

Mfano wa karibu ni Kilifi. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, magari yalingoja feri pale Mnarani. Daraja halikuusogeza mji hata shubiri moja. Liliondoa kungoja.

Je, kusi yetu ya leo ni nini? Ni utaratibu! Shangazi yangu alikuwa na miadi ya daktari Mombasa. Aliketi ndani ya matatu karibu saa mbili, makanga akiimba, "Bado wawili, mama, twaondoka!" Alipofika, daktari keshatoka. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Kwake yeye, Mombasa ilikuwa mbali kwa wiki nzima.

Najua wako watakaosema kuwa gari likiondoka tupu, mwenyewe atakula hasara ya mafuta. Ni kweli, sikatai. Lakini magari mawili matatu ya alfajiri yakipewa saa maalum, watu watazoea na kuyajaza wenyewe. Mbona ndege ina saa yake na abiria huiwahi? Au wakati wa maskini hauna thamani?

Basi wenzangu, mtu akijigamba kwamba Nairobi ni pua na mdomo, mwulizeni: karibu kwa nani? Mgonjwa wa Bamba na mwanafunzi wa Marafa nao wana saa zao. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.