Kirudie Kitabu cha Utoto Wako

Mtu mzima akiulizwa kama anakijua kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, hujibu upesi: "Nilishakisoma shuleni." Jibu hilo ndilo ninalolipinga leo. Aliyekisoma ni mtoto aliyekuwa wewe zamani. Wewe wa leo hujakisoma bado.

Mimi nilikisoma nikiwa na miaka kumi na miwili. Kilichonishika ni majini na manyani. Adili, liwali wa Janibu, anafuga manyani wawili ambao kila usiku huwachapa viboko, kisha huwalisha. Kumbe ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa kuwa walimtosa ndugu yao baharini kwa husuda. Nilifurahi walivyochapwa. Niliona haki imetendeka, nikafunga kitabu nikalala.

Mwaka jana nilikirudia, nikiwa nimekwisha kuonja ugomvi wa ndugu juu ya urithi. Safari hii macho yangu hayakutazama migongo ya manyani, yalitazama mkono ulioshika kiboko. Adili analia. Hawezi kuacha kuchapa, maana ameamriwa na Huria. Hawezi kuzoea, maana anaowachapa ni damu yake. Nikaelewa kwamba adhabu ile ilimwangukia aliyedhulumiwa pia, na kwamba mfalme wake, Rai, alipowaombea ndugu wale, aliwafungua watu watatu, si wawili. Utotoni kurasa hizo nilizipita mbio.

Ndivyo ilivyo hata kwa Kusadikika, kitabu kingine cha Shaaban Robert. Mtoto hustaajabia nchi iliyo angani. Mtu mzima huiona baraza: Karama anashitakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema, wakarudi nayo, wakatiwa kifungoni. Kisha hukumbuka kuwa kitabu kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikitawaliwa na Waingereza, na mwandishi wake akiwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Hapo nchi ya angani hushuka chini.

Wapo wasemao kwamba habari za majini ni za watoto. Na wahesabu miaka. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909. Adili na Nduguze kilitoka mwaka 1952. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kazi na familia, aliyekwisha kuonja misiba. Hakuandika ili mtu ataje wahusika watano, apewe alama, basi. Mtihani ndio uliotuzoeza kudhani kwamba kitabu kikishajibiwa maswali kimekwisha. Tuliokota maganda, kiini tukakiacha shambani.

Wazee wa pwani wana neno: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi rejea. Kitafute kitabu kile kabatini au kwa muuza vitabu vya mitumba. Kisome polepole, kwa sauti, mwanao akiwa karibu. Ukifika kwenye viboko, muulize anamhurumia nani. Akisema hamhurumii yeyote, usimkaripie wala usimsahihishe. Ndivyo ulivyosoma wewe. Mtunzie kitabu tu, kisichanike wala kisipotee, ili zamu yake ya kurudi ikifika akikute.